Ndoo Nyepesi

Ni lini mara ya mwisho ulimtazama usoni mtu anayekujazia mafuta kwenye gari?

Usijiumize kichwa. Hukumbuki. Unateremsha kioo, unataja kiasi, unarudi kwenye simu yako, na pale nje unaona mkono tu: mkono unaofungua kifuniko, mkono unaochomeka bomba, mkono unaopokea. Mwenye mkono ana nyumba, ana mke, ana jambo linalomkaba koo tangu alfajiri, lakini kwako wewe ni kipande cha pampu. Habari hii ni ya mmoja wa watu hao. Na kinachouma zaidi ni kwamba kwa miaka mingi hata yeye mwenyewe aliishi kama kipande cha pampu, mpaka siku ua la mkewe lilipolala chini.

Kituoni walimwita Bwana Tak. Bomba la mafuta lina tabia yake: tangi likijaa, hujifunga lenyewe na kulia "tak". Wajazaji wengine hawaliamini. Wakisikia tak, hutikisa gari, hubonyeza tena, huongeza kidogo, na kidogo tena, haba na haba, mpaka mafuta yachungulie mdomoni. Bwana Tak hakuwa na mchezo huo. Tak moja, basi. Anachomoa, anapangusa, anafunga, anapiga bodi ya gari makofi mawili mepesi kama anayemruhusu punda aende. Mteja akinung'unika kwamba hakujaziwa vizuri, anamjibu kwa upole: "Chombo kimesema chenyewe, mzee. Mimi nani nibishane nacho?"

Lilikuwa jibu zuri pale kituoni. Balaa ni kwamba alirudi nalo nyumbani.

Mkewe alikuwa fundi wa mapazia. Cherehani yake ilikaa sebuleni, chini ya dirisha, imezungukwa na marobota ya vitambaa kama ngome. Bwana akirudi na harufu yake ya petroli, alivua viatu mlangoni na kuuliza, "Hujambo?" Mke akajibu, "Sijambo." Bwana akaenda kuoga. Siku moja mke alimtania, pini zikiwa zimebanwa mdomoni: "Wewe unavyoniuliza hujambo, ni kama unavyowauliza wale wa magari, 'Nijaze?'" Bwana akacheka mpaka akajishika mbavu. Mke hakucheka. Lakini nani anacheka na pini mdomoni?

Binti yao wa pekee alipoolewa na kuhamia mbali, nyumba ikabaki na mlio wa cherehani tu. Juma lile lile mke alirudi kutoka sokoni na mche kwenye mfuko: majani mapana ya kijani kilichokolea, na katikati kikonyo kimoja chenye ua jeupe lililojikunja kama kiganja kinachopokea kitu. Akaupanda katika ndoo ndogo ya rangi aliyoitoboa kitako kwa msumari wa moto. Udongo aliuchanganya na maranda aliyoyaomba kwa seremala, usije ukagandamana. Akaiweka ndoo juu ya sahani kuukuu, kando ya cherehani, akaliita ua lake Bibi Harusi. "Mmoja katoka, mwingine kaingia," akasema. Bwana Tak akasema ni zuri, akafungua redio.

Kisha mama yake mke akafariki. Hapo, tumpe haki yake, Bwana Tak alijitoa. Usafiri alitafuta yeye, viti alikodi yeye, wageni aliwapokea yeye, na wakwe wote walimsifu. Waliporudi nyumbani na watu kutawanyika, akamuuliza mkewe, "Umepoa?" Mke akajibu, "Nimepoa." Yakaishia hapo. Baadaye akawa anamkuta mara nyingi ameketi mbele ya cherehani, mguu uko juu ya kanyagio na gurudumu halizunguki. Akampita kwa kunyata asimsumbue. Si mwenyewe alikwisha kusema kwamba amepoa? Chombo kimesema chenyewe.

Nani anatufundisha haya? Tunalelewa tukiambiwa mwanamume kazi yake ni kutafuta na kuleta. Leta, jaza, ondoka. Baba zetu waliambiwa hivyo, nasi tunaambiwa hivyo, na tunapigiwa makofi. Hakuna aliyetuketisha chini akatufundisha kuuliza mara ya pili.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wenyewe ulikuja asubuhi ya siku ya kawaida, bila ugomvi wala sahani kuvunjika. Kaka yake mke alifika na pikapu yake, wakapakia cherehani, marobota na sanduku. Ndoo ya ua ilikosa nafasi, maana meza ya cherehani ingevunja majani. Mke akasimama mlangoni, amejifunga kanga yake vizuri kama mtu anayekwenda kazini. "Ua nitalifuata," akasema. "Litie maji." Bwana Tak alitaka kuuliza lini. Hakuuliza. Alijiambia ni hasira za kupita, mtu akipumua kwa ndugu zake atarudi.

Siku za mwanzo hakuligusa ua. Alikula kituoni, akaomba zamu za ziada, na akirudi alipita sebuleni bila kuwasha taa, asione ile nafasi wazi chini ya dirisha. Alipopata moyo wa kutazama, akakuta majani yameanza kuinama, na udongo umepauka kama majivu. Kuanzia hapo hakukosa hata asubuhi moja. Kabla ya kuvaa viatu, anachukua kikombe, anamimina taratibu, macho kwenye sahani. Maji yakitokeza tu chini kwenye sahani, anasita. Limejaa. Anapangusa sahani, anaipiga ndoo makofi mawili, anakwenda kazini amepata nafuu kifuani.

Maana alikuwa na tumaini lake, na tumaini lenyewe lilikuwa ndani ya ndoo ile. Mke amesema atalifuata ua. Basi atakuja. Akija atalikuta limenawiri, na ua litasema yale ambayo ulimi wa mumewe haujawahi kuyasema: kwamba aliyebaki hapa alikuwa anakukumbuka. Baada ya hapo watakaa, watakunywa chai, na labda neno litatoka. Hivyo ndivyo alivyopanga. Mtu mzima, mvi zimeanza, mustakabali wake wote umekaa juu ya sahani kuukuu.

Lakini ua likazidi kulegea. Majani yakaning'inia pembeni mwa ndoo kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba. Akapeleka shauri kituoni.

"Linataka jua," akasema keshia kupitia tundu la kioo chake. "Hata mimi humu ndani nimenyauka, nitazame."

"Wewe umenyauka kwa umbea," akadakia mjazaji wa pampu ya pili, mwanamume mrefu waliyemwita Mlingoti. "Bwana Tak, usidanganyike. Ua linasemeshwa. Liimbie."

"Niliimbie nini?"

"Wimbo wowote. Ila kwa sauti hiyo yako, andaa na jeneza kabisa."

Wakacheka. Naye akacheka, lakini jioni yake alilisogeza ua kwenye jua la dirishani, na mlango ulipofungwa akaliinamia akaliuliza, "Hujambo?" Halikujibu. Jua likalichoma mpaka ncha za majani zikawa kahawia. Lile ua jeupe likakauka likawa kama karatasi iliyofungiwa karanga.

Ndipo simu ya shemeji yake ikaingia, siku moja zamu ikiwa inakaribia kwisha.

"Shemeji, hujambo bwana?"

"Sijambo. Habari za huko?"

"Njema. Sikiliza, dada kapata chumba cha kazi, mji ule anaokaa binti yenu. Kesho asubuhi nampeleka. Tutapita kwako kuchukua ua lake."

"Ua tu?"

"Ua tu, shemeji. Anasema hakuna kingine chake kilichobaki hapo."

Bwana Tak akahamisha simu kutoka sikio moja hadi jingine, kana kwamba upande wa pili utasema kitu tofauti. "Atashuka?"

"Nani?"

"Dada yako. Atashuka aingie ndani, au utaingia wewe?"

"Hayo muulize mwenyewe, shemeji. Mimi dereva tu."

Akamfuata msimamizi wa kituo kuomba asubuhi ya kesho. Msimamizi alikuwa anakula karanga huku macho yake yakiwa barabarani.

"Una msiba?"

"Hapana, bosi."

"Mgonjwa?"

"Hapana. Mke wangu anapita kuchukua ua."

"Kuchukua nini?"

"Ua. La kwenye ndoo."

Msimamizi akaacha kutafuna. "Kesho watu wote wanasafiri, foleni itafika barabarani, na wewe unaniomba ruhusa ya ua? Nikikupa wewe, kesho kutwa Mlingoti ataniomba ruhusa ya paka."

Iko ruhusa ya kuzika. Iko ruhusa ya kulazwa. Ukifiwa na mkeo watakupa siku, watakuchangia, watakuja na sare za kazi kukuhani. Lakini saa moja ya kumwambia mkeo neno kabla hajaondoka, hiyo haimo katika sheria yoyote. Sheria hizo zimeandikwa na watu ambao hawajawahi kuhitaji kuomba. Bwana Tak hakubishana. Alisema, "Sawa, bosi," akaenda kunawa mikono, akanawa kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Alipofika nyumbani jua lilikuwa bado lipo. Akalikuta ua limezimia. Hakuna neno jingine. Majani yote yamelala kifudifudi, mengine yamegusa sakafu, vikonyo vimelainika kama tambi zilizopikwa. Akabaki amesimama na viatu vyake miguuni.

"Hodi!" Mlango ukasukumwa kabla hajaitikia. Alikuwa Mama Pacha, msusi wa chumba cha jirani, chanuo limechomekwa kichwani kama kalamu ya fundi. Yeye na mke wa Bwana Tak walikuwa chanda na pete. "Nimesikia wanakuja kesho. Nimekuja kuona kama umefagia."

"Karibu. Njoo uone."

Mama Pacha akaona. Akajishika kiuno. "Ee! Ndiye Bibi Harusi huyu? Huyu keshakuwa mjane."

"Kila siku namtilia maji, Mama Pacha. Haki ya Mungu. Kabla sijavaa viatu."

"Kila siku?"

"Kila siku. Mpaka sahani ilowe."

"Basi umemzidishia. Umemzamisha, jirani. Maji yamezidi unga."

"Hata mimi niliogopa hivyo. Nikapunguza."

"Ukapunguza, na ukaliweka juani likauke vizuri."

"Keshia ndiye aliyesema..."

"Keshia ndiye mwenye mke?" Mama Pacha akafyonza. "Hebu lisogeze hapa mlangoni kwenye mwanga, tumtazame huyu marehemu."

Bwana Tak akainama, akaishika ndoo kwa mikono miwili, akakaza mgongo kama mtu anayenyanyua ndoo iliyojaa maji. Ikaruka. Nusura impige kidevuni. Akabaki ameishika hewani, mdomo wazi.

Mtu aliyebeba madumu maisha yake yote, mkono wake haudanganyiki. Dumu lililojaa linakuvuta bega. Dumu tupu linakuchezea mkononi. Ndoo hii ilikuwa dumu tupu.

"Haina kitu," akasema.

"Haina nini?"

"Maji. Humu hamna hata tone."

"Si umesema kila siku?"

Akairudisha ndoo kwenye sahani, akachota kikombe cha maji, na safari hii hakuitazama sahani. Alipiga magoti akautazama udongo. Ulikuwa umekauka ukasinyaa, ukabanduka kutoka kuta za ndoo na kuacha ufa unaoingia kidole, ukizunguka pande zote. Akamimina. Maji hayakuzama. Yalikimbia juu ya udongo na maranda kama yanavyokimbia juu ya kitambaa cha plastiki, yakatumbukia ufani, yakateremka ukutani mwa ndoo, yakatokea kwenye sahani. Yote hayo kabla hajamaliza pumzi moja. Akachomeka kidole katikati ya udongo. Kikatoka na vumbi.

Mama Pacha, ambaye mdomo wake haukujua likizo, akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe ulikuwa unaosha sahani."

Bwana Tak akakaa chini sakafuni. Mbele yake kulikuwa na alama nne za miguu ya cherehani, bado zimechorwa na vumbi. Akaziangalia. Akauona mguu wa mkewe juu ya kanyagio, na gurudumu limesimama, na yeye mwenyewe akipita kwa kunyata.

"Sasa unalia, au unafanya nini?" akauliza Mama Pacha. "Mgonjwa haulizwi uji. Lete beseni."

Wakalijaza maji beseni la kufulia, wakaitumbukiza ndoo. Nayo ikakataa. Ilielea, ikapinda upande, ikataka kupinduka na ua lake. Bwana Tak ikabidi aishike kwa viganja viwili na kuikandamiza, maji yakimfika viwiko. Kutoka chini yakaanza kupanda mapovu, moja moja, kisha kwa mfululizo, kama chungu kinachoanza kuchemka.

"Linapumua," akasema.

"Linakunywa. Usiachie."

Hakuachia. Maji yalikuwa baridi na vidole vikaanza kufa ganzi. Mama Pacha alikaa juu ya kigoda akimwangalia, akichezea chanuo lake.

"Jirani, nikuambie kitu? Ningekuwa wewe, ningeliacha."

"Niache nini?"

"Ua. Tazama. Likiamka, kesho atalipakata aende nalo, na hapo huna tena cha kumleta. Likifa, atakuja juu. Atakutukana mpaka mtaa mzima utoke nje. Na mtu anayekutukana, jirani, bado hajaondoka."

Hakuwa mjinga, Bwana Tak. Wazo hilo lilimpitia tangu pale aliposhika ile simu, na aliliona linavyong'aa. Lilikuwa jepesi vilevile: kazi yake ilikuwa ni kuinua mikono tu. Ndoo ingeelea, ua lingekauka, na kesho asubuhi kungekuwa na ugomvi, na katika ugomvi kuna maneno, na katika maneno huwezi kujua. Mama Pacha hakusema kwa ubaya. Alimtaka shoga yake abaki, kama Bwana Tak naye alivyotaka.

"Alisema nilitie maji," akajibu hatimaye. "Siku ile mlangoni hakuniomba kingine."

"Basi haya. Likandamize."

Mapovu yakapungua. Akahisi kitu chini ya viganja vyake: ndoo ilikuwa inaacha kusukuma. Ikawa inatulia kidogo kidogo, kama mtoto aliyechoka kushindana na usingizi, mpaka ikakaa yenyewe chini ya beseni. Akainua mikono. Haikupanda. Akaitoa, na safari hii ilimvuta bega. Akaipeleka kivulini, mahali pake pa zamani kando ya zile alama nne, akaiacha ichuruzike. Kisha akageuka kutazama majani.

Majani yalikuwa vilevile. Yamelala.

"Sasa?" akauliza.

"Sasa hakuna. Ungoje."

"Ningoje tu?"

"Unataka uingie ndani uyasukume kwa mkono?" Mama Pacha akasimama, akajikung'uta. "Usiliongeze maji. Usilisogeze. Usilishike. Huenda mizizi imekwisha kufa, huenda haijafa. Hata daktari hapa angekuambia ungoje."

Akabaki peke yake. Mtu aliyezoea kubonyeza na kuona tarakimu zikikimbia hapo hapo, sasa ameketi sakafuni mbele ya kitu ambacho hakibonyezwi. Aliinua jani moja kwa kidole, akaliachia, likaanguka. Akainua jingine. Likaanguka. Akaweka mikono yake chini ya makalio kama mtoto aliyekatazwa kugusa. Mwanga wa dirishani ukapungua hata asione tena majani, naye usingizi ukamchukua pale pale, mgongo ukutani.

Alipoamka kulikuwa kumekucha, na Bibi Harusi alikuwa amesimama.

Si lote. Majani mawili ya chini yalikuwa manjano na hayakuinuka, na lile ua jeupe lilikuwa limekwisha kabisa. Lakini mengine yote yalikuwa juu, yametanuka, yanang'aa, kana kwamba ni nyumba nyingine na ua jingine. Bwana Tak hakupiga kelele. Alilizunguka mara mbili kwa magoti. Halafu akatazama nje, akaona amechelewa, na furaha ikamtoka kama maji ya ile ndoo yalivyokuwa yakitoka. Zamu ilikuwa inaanza. Wao wangekuja naye hayupo.

Akampelekea Mama Pacha ufunguo.

"Limeamka."

"Nilijua. Nikusaidie kumwambia nini akija?"

"Mwambie..." Bwana Tak akaushika mlango wa jirani yake, akautazama ubao wake kana kwamba umeandikwa kitu. "Mwambie..." Mama Pacha akangoja, na kwa mara ya kwanza hakutania. "Basi," akamaliza Bwana Tak. "Mpe tu."

Kituoni foleni ilikuwa imefika barabarani kama msimamizi alivyotabiri. Alijaza, akapangusa, akajaza. Kila gari lilikuwa na mabegi na watoto, na kila dereva alikuwa na haraka. Alikwisha kujiambia kwamba wamepita, wamechukua, wamekwenda, pale pikapu aliyoifahamu ilipoingia kwenye mstari wake na kusogea taratibu mpaka ikasimama mbele ya pampu.

"Shemeji," akasema dereva. Hakumtazama machoni. "Jaza tangi. Safari ndefu."

Mkewe alikuwa kiti cha mbele, upande wa pili. Ameipakata ndoo kwa mikono miwili, na majani yamemfika kidevuni. Alikuwa anatazama mbele.

Bwana Tak akafungua kifuniko, akachomeka bomba. Tarakimu zikaanza kukimbia. Miaka yote hiyo hajawahi kuomba tangi lichelewe kujaa. Leo aliomba lisiwe na mwisho. Bomba likalia tak. Hakuchomoa. Akabonyeza tena. Kwenye pampu ya pili, Mlingoti akageuka, akamwona Bwana Tak anaongeza, akasahau mdomo wake wazi. Tak. Akabonyeza tena, kidogo, na kidogo tena, mpaka mafuta yakachungulia mdomoni na pakawa hapana tena pa kuongeza. Akafunga. Badala ya kupiga makofi mawili, akalizunguka gari mpaka kwenye dirisha la mkewe. Kioo kilikuwa chini.

"Hujambo?"

"Sijambo."

Gari la nyuma likapiga honi. Mlangoni mwa ofisi msimamizi akatokeza kichwa. Bwana Tak alibaki pale pale, kitambaa cha kupangusia kimekunjwa ngumini.

"Hujambo kweli?"

Mke akageuka. Akamtazama usoni, kwa muda, kama anayesoma kitu kilichofutika. Macho yakajaa machozi, hayakumwagika. Kisha akayashusha kwenye ndoo, akaipandisha na kuishusha kidogo magotini, kama watu wanavyopima uzito wa mtoto mchanga.

"Zito," akasema.

"Limekunywa jana. Kabla ya hapo lilikuwa halinywi. Mimi niliona maji kwenye sahani. Sikujua."

"Najua hukujua."

Honi ikalia tena, ndefu. "Dada, tunazuia watu," akanong'ona kaka yake, akawasha gari. Bwana Tak akarudi nyuma kutoka dirishani.

Pikapu ikasogea hadi kwenye njia ya kutokea, ikasimama, taa ya kona ikapepesa ikingoja nafasi barabarani. Magari yalikuwa mengi. Bwana Tak akatazama. Mkono wa mkewe ukatoka dirishani, naye akainua wake haraka, juu kabisa, kitambaa kikining'inia. Mkono ule haukupunga. Vidole viliachia kitu, kikazunguka hewani na kutua ukingoni mwa lami: jani moja la manjano, mojawapo ya yale mawili ambayo hayakuinuka. Nafasi ikapatikana. Pikapu ikaingia barabarani.